Maswali na Majibu ya Wasomaji: Gari Kuukuu, Nilitengeneze Tena au Nilibadilishe?

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa safu hii. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Morogoro, na ninamiliki Toyota Corolla Spacio la mwaka 2001 lenye injini ya cc 1,800, ambalo nililinunua mwaka 2013. Kwa miaka mingi halikunisumbua, lakini miezi 12 iliyopita limenimaliza. Nimeweka rejeta mpya kwa shilingi 260,000, shokapu nne pamoja na bushi za mbele kwa 680,000, altaneta kwa 240,000, betri kwa 180,000, matairi manne kwa 640,000 na pedi za breki kwa 120,000, jumla yake shilingi 2,120,000. Sasa fundi ananiambia kwamba gari linakunywa oili, na kwamba lazima injini ishushwe na kubadilishwa ringi, kazi ambayo ameikadiria kuwa 1,900,000. Dalali ameniambia kuwa kwa hali yake ya sasa nikiliuza nitapata milioni 6. Chama chetu cha kuweka na kukopa kipo tayari kunipa milioni 12, nizirejeshe kwa shilingi 420,000 kila mwezi kwa miezi 36, ili niagize gari la milioni 18. Mke wangu anasema kuzamisha milioni mbili kwenye mkweche wa milioni sita ni kutupa fedha. Gari hili hunipeleka shuleni na kunirudisha, kilomita 22 kwa siku katika barabara ya vumbi, na mara moja kwa mwezi huenda nalo Dodoma kumwona mama yangu ambaye ni mgonjwa. Nifanyeje? — Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Pole kwa mwaka mgumu, na nakushukuru kwa kuandika kila senti uliyotoa, kwa sababu wengi wanaoniuliza swali hili huja na hasira tu, bila risiti hata moja, na hasira haiwezi kukokotolewa.

Hoja ya mama watoto ni nzito, nami nimeisikia gerejini kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini kipimo alichokitumia ndicho kinachowapotosha wengi. Milioni 6 ni bei ambayo mtu mwingine yuko tayari kukulipa ili alichukue gari lako. Haielezi gari hilo linakufanyia kazi gani wewe, wala haielezi utalipa kiasi gani ili kazi hiyo hiyo ifanywe na gari jingine. Swali la kujiuliza ni hili: katika miezi 12 ijayo, kufika shuleni kila siku na Dodoma kila mwezi kutakugharimu shilingi ngapi ukibaki na Spacio, na kutakugharimu shilingi ngapi ukikopa?

Tuanze na zile 2,120,000. Ndani yake mna matairi, betri na pedi za breki, ambavyo jumla yake ni 940,000, na hivyo ni vitu ambavyo gari lolote lingevidai, hata lile utakaloliagiza. Maradhi halisi ya gari lako yaligharimu 1,180,000, yaani kama shilingi 98,000 kwa mwezi. Mkopo utakudai 420,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 5,040,000, na kwa miezi yote 36 ni 15,120,000, maana yake utakuwa umelipa 3,120,000 juu ya fedha uliyokopa. Hata tukichukulia kwamba mwaka ujao gari litarudia maradhi yale yale na injini juu yake, utatumia 3,080,000, ambazo bado hazifikii marejesho ya miezi 8. Lakini halitarudia yale yale, kwa sababu rejeta, shokapu na altaneta ni vipya, na ukiliuza leo utakuwa umemfungia mnunuzi spea mpya kwa fedha yako.

Sasa nije kwenye oili, kwa maana hapa ndipo uamuzi wako ulipo, na hapa ndipo ninapoona fundi wako ameruka hatua. Injini ya cc 1,800 iliyomo kwenye Spacio yako ni 1ZZ-FE, na injini hizo, hasa za miaka ya mwanzo, zinajulikana duniani kote kwa kunywa oili. Pistoni zake zina matundu madogo ya kurudishia oili chini, yaliyopo nyuma ya ringi ya oili, moja ya pete zinazoizunguka pistoni. Oili ikichelewa kubadilishwa, matundu hayo huziba kwa masizi, ringi hukwama, na oili hubaki juu ikaungua pamoja na petroli. Toyota yenyewe ilibadilisha muundo wa pistoni katika matoleo ya baadaye. Kwa hiyo fundi anayeshusha injini hii akabadilisha ringi peke yake na kurudisha pistoni zile zile bila kuyazibua matundu hayo, anakuuzia nafuu ya muda mfupi, na kabla ya miaka miwili kupita utakuwa umerudi kwake. Muulize waziwazi kama ile 1,900,000 inahusu pistoni au ringi tu.

Lakini kabla ya kumuuliza hilo, pima. Asubuhi, injini ikiwa imepoa na gari limesimama mahali tambarare, chomoa stiki ya oili, ifute kwa kitambaa, irudishe, ichomoe tena, kisha ongeza oili mpaka ifike alama ya juu kabisa bila kuivuka. Andika namba ya kilomita kwenye daftari. Tumia gari kama kawaida, na kila unapoongeza oili andika kiasi, mpaka utimize kilomita 1,000. Kwa safari ulizozieleza, shule na Dodoma, ambako kwenda tu ni kama kilomita 260, utazitimiza kwa takriban mwezi mmoja.

Tuseme umegundua kwamba limekunywa lita 1. Hicho ndicho kiwango ambacho mafundi wengi hukihesabu kuwa mpaka wa kuvumilika. Tuseme pia lita hiyo unainunua kwa shilingi 20,000. Basi ugonjwa unaotakiwa kutibiwa kwa 1,900,000 unakugharimu 20,000 kwa mwezi, na fedha ya kushusha injini ingekununulia oili ya kuongezea kwa miezi 95, yaani karibu miaka minane. Sisemi kwamba kunywa oili hakuna madhara. Plagi huchafuka mapema, kichujio cha moshi kwenye ekzosi huharibika, na hatari kubwa kuliko zote ni kusahau kupima, kwa sababu injini iliyoishiwa oili barabarani hufa kwa dakika chache na haiponi. Lakini mwalimu aliyeandika gharama zake zote kwa usahihi huu hawezi kushindwa kuchomoa stiki kila Jumamosi.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia kabla ya injini kuguswa. La kwanza ni valvu ndogo iitwayo PCV, inayopitisha hewa ya ndani ya injini kwenda kuunguzwa. Ikikwama, huvuta oili pamoja na hewa, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya ringi. La pili ni moshi wenyewe. Ukiona moshi wa bluu asubuhi tu unapowasha, kisha ukapotea, zishuku sili za valvu, ambazo fundi mzoefu huzibadilisha bila kushusha injini. Ukiuona unapokanyaga mafuta kupanda mlima, hapo ringi zina hatia. Mtake fundi apime shinikizo la silinda zote nne mbele yako na akuandikie namba zake. Fundi anayekataa kupima lakini yuko tayari kufungua, usimwachie ufunguo.

Nakuuliza pia jambo ambalo hukulitaja, nalo ni kwa nini rejeta ilibadilishwa. Kama gari lilikuwa linachemsha, mwombe fundi afungue nyumba ya thamostati, yaani valvu inayozuia maji ya kupozea yasizunguke mpaka injini ipate joto, nawe ukiwa umesimama pale. Niliwahi kuletewa Corolla ambalo lilikuwa limeshabadilishiwa rejeta mara mbili katika gereji nyingine, na mwenyewe alikuwa amekata tamaa na kutafuta mnunuzi. Nilipofungua bomba la juu na kutoa ile kofia ya bati, ndani hamkuwa na kitu. Thamostati ilikuwa imetolewa zamani, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kwetu wakiamini kwamba nchi ya joto haiihitaji, na rejeta ilikuwa imejaa maji ya bomba yenye rangi ya kutu. Kosa halisi lilikuwa feni ya umeme isiyowaka kwa sababu rilei yake, yaani swichi inayoipelekea umeme, imeungua. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na huchakaa haraka kwa sababu petroli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda. Mwenye gari lile aliondoka na thamostati mpya, rilei na kulenti safi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na hakuliuza.

Kula mafuta si jambo dogo katika hesabu yako. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa nchini kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Gari lililosimama uani halikudai ada hiyo tena, lakini gari linalokula mafuta kupita kiasi hukutoza kila unapoingia kituoni. Rekodi lita na kilomita zako kwa mwezi huo huo unaopima oili, upate picha nzima.

Kuhusu gari la milioni 18, hakikisha kwanza kuwa namba hiyo ni ya mwisho, maana wengi huangalia bei ya gari na meli wakasahau kilichopo bandarini. TRA, yaani mamlaka ya mapato, wana kikokotoo kwenye tovuti yao, ambamo unaingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, nacho kinakuonyesha kodi yote. Gari dogo lenye umri wa miaka 8 au zaidi huongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo gari la bei nafuu kule Japani laweza kuwa ghali likifika Dar es Salaam. Ongeza bima kubwa, ambayo mkopeshaji huidai mara nyingi na ambayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, wakati Spacio lako unaweza kulikatia bima ndogo.

Simaanishi kwamba magari ya kuagiza ni mabaya. Wajapani wana ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao gari jipya la binafsi hufanyiwa likitimiza miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2. Kwa kuwa gharama zake ni kubwa, wengi huona afadhali kuuza gari ambalo bado lina nguvu, na ndiyo maana tunayapata. Hata hivyo, siku ukiagiza, dai karatasi ya mnada. Ukiona daraja R au RA, jua kuwa gari hilo liligongwa na kutengenezwa. Maradhi ya Spacio lako unayajua yote kwa majina na bei. Ya gari geni utayajua baada ya kulilipia.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usikope mwaka huu. Pima oili kwa mwezi mmoja. Ikiwa ni lita 1 au chini ya hapo kwa kilomita 1,000, ongeza oili na uendelee. Ikiwa inazidi na shinikizo la silinda ni dogo, tengeneza injini kwa pistoni na ringi, au tafuta injini iliyotumika yenye uthibitisho, ukikumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na mabadiliko lazima yafikishwe TRA. Wakati huo huo anza kuweka shilingi 250,000 kila mwezi mahali usipopagusa, kana kwamba ni marejesho ya mkopo. Baada ya miezi 24 utakuwa na milioni 6 zako mwenyewe, na kama mwezi mmoja gari litaugua, fedha ya dawa ipo. Utakapokwenda kwenye chama chenu wakati huo, utakopa nusu ya unachotaka kukopa leo.

Ningebadili ushauri huu kwa mambo matatu tu. Gari likikaguliwa chini na kuonekana limeoza sehemu zinazoshika miguu yake, liuze. Giaboksi ikianza kuteleza au kuchelewa kushika gia kipindi hiki hiki ambacho injini inadai matengenezo, liuze, kwa sababu mambo hayo mawili kwa pamoja yatavuka bei ya gari. Na la tatu ni safari ya Dodoma. Ikiwa limeshakulaza njiani zaidi ya mara moja, tuseme kati ya Dumila na Gairo usiku, hesabu yote niliyoifanya hapo juu haina uzito mbele ya hilo. Litumie kwa shule, na kwa mama panda basi hadi utakapolirudishia imani. Mwoneshe mke wako daftari la mwezi huo kabla hamjaamua, kwa sababu fedha ni ya nyumba nzima na yeye ameliona tatizo kabla yako.

SWALI: Nina Suzuki Escudo la mwaka 1999, namba B, na ninaishi mita chache kutoka ufukweni Tanga. Injini ni nzima kabisa na haijawahi kunisumbua. Tatizo ni chesisi, ambayo imeliwa na kutu karibu na mguu wa nyuma wa kulia. Imeshaungwa kwa kuchomelewa mara mbili, na sasa imepasuka tena pembeni ya kiraka. Fundi anasema tuchomelee kwa bati nene zaidi. Nalipenda gari hili, nimelitumia kuwapeleka watoto shule tangu wa kwanza. — Muuguzi, Tanga

JIBU: Dada yangu, mwalimu wa Morogoro nimempigania abaki na gari lake, lakini wewe nakuomba uachane nalo, na uachane nalo wiki hii.

Injini, rejeta, hata giaboksi huharibika kwa kukusimamisha. Chesisi huharibika kwa kukatika ukiwa kwenye mwendo. Escudo la toleo lako limejengwa juu ya chesisi ya kujitegemea, na mguu wa nyuma umefungwa pale pale panapooza. Kupasuka pembeni ya kiraka kunaonesha kwamba chuma kinachozunguka kiraka hakina unene wa kukishika. Bati nene zaidi litakuwa na nguvu kuliko chuma lililoshikizwa nacho, nacho kitachanika mahali papya. Upepo wa bahari wenye chumvi umekula ndani ya bomba la chesisi, mahali ambapo wewe na fundi hamwezi kupaona. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kitalia, kilichooza kitatoa sauti ya kopo.

Injini nzima ni mali. Muuzie mtu anayehitaji spea, na umwandikie kwenye hati ya mauzo kwamba chesisi imeoza na kwamba gari halifai barabarani. Usimuuzie mtu atakayelipulizia rangi na kumuuzia mzazi mwingine. Na unapotafuta jingine, lala chini ulitazame kabla hujatazama viti, hata kama limetoka Japani juzi, kwa sababu katika mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, nayo hufanya chini ya gari kazi ile ile inayofanywa na bahari yenu.

SWALI: Nafanya biashara ya kusambaza mikate na soda Mombasa kwa Toyota Probox la mwaka 2015. Makanika alibadilisha oili ya giaboksi, na tangu siku hiyo gari linatetemeka likianza kuondoka. Ananiambia nitafute giaboksi nyingine. Rafiki yangu ananishauri niliuze tu nichukue jingine. — Msambazaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya giaboksi wala gari jingine, muulize makanika alimimina oili gani. Probox za kuanzia mwaka 2014 nyingi zina giaboksi ya CVT, yenye mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na haina gia za kawaida. Inahitaji oili yake maalumu ya CVT, na ukiipa oili ya giaboksi za otomatiki za zamani, mkanda huteleza na gari hutetemeka kama unavyoeleza. Kama ndivyo ilivyotokea, acha kuliendesha leo, limwage oili hiyo, uweke iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, uendeshe kidogo, kisha uimwage na kuiweka tena, kwa kuwa kumwaga mara moja hakutoi oili yote. Likitulia, umeokoa giaboksi. Likiendelea kutetemeka, mkanda umeshakwaruzwa na utahitaji nyingine.

Hata hapo nisingekimbilia kuuza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo magari yanayoshuka bandarini Kilindini ni ya karibuni na bei yake ni ya juu, wakati gari lililotumika nchini kwa bei ya Probox lako laweza kuwa na CVT iliyokosewa oili vile vile. Wewe hesabu siku. Kila siku ambayo mikate haikufika dukani andika hasara yake, kisha jumlisha bei ya giaboksi na hasara ya siku mbili au tatu za gereji, ulinganishe na gharama ya gari jingine. Na safari hii oili inunue mwenyewe, uibebe mkononi, na usimame hapo mpaka inapomiminwa.